Kofia

Barabara ina mistari miwili ya manjano.
Huku Missouri, kwangu. Kule Kansas,
anakokaa Mapendo na mama yake,
nyumba ya tatu, ile yenye ngazi ya kijani.
Hatua kumi na tisa. Nimezihesabu kwa macho.

Bi Haskins, afisa wangu, si mtu mbaya.
Alisema: omba wiki mbili kabla, andika
unakwenda kwa nani, utalala wapi.
Silali, mama, nikamwambia. Navuka tu.
Akasema kuvuka ndiko kusafiri kwenyewe.

Basi Jumapili tunasimama, kila mtu na ukingo wake,
tunapaza sauti magari yakipungua:
Umekula? Nimekula! Hesabu je? Mbaya!

Leo upepo wa Machi umeniibia kofia,
ukaiviringisha juu ya manjano. Haikuomba, haikuandika.
Mguu wangu ulinyanyuka.
Nikaurudisha.
Mapendo akaiokota, akaivaa, ikamfunika hadi puani,
akacheka humo humo ndani.
"Nikurushie?"
Kaa nayo, nikasema. Kaa nayo.

Nimerudi na baridi utosini.
Ombi langu bado liko mezani kwa Bi Haskins;
kofia usiku huu imelala Kansas.