Maji Mafu

Siku zote nimeliona genge hili kwa juu, kwa kisogo chake:
majani mafupi, uzio wa seng'enge,
kibao cha halmashauri kinachosema Hatari.
Miaka thelathini na moja nimepitisha basi la shule pale juu
na sikuwahi kuuona uso wake.

Leo nimeketi chini yake, kiuno sawa na bahari,
ndani ya kayaki nyekundu niliyouziwa na mjane mmoja wa Lerwick
(haikuwa na mkwaruzo hata mmoja; marehemu alikuwa akiitazama tu).
Rasmie, mdogo wangu, yuko mbele,
anapiga kafi kama mtu anayekimbia deni.
"Osla! Usiukaribie ukuta!"

Ukuta wenyewe mweusi, kanisa juu ya kanisa,
umejaa ndege wa kijivu wanaomtemea mafuta
yeyote anayewatazama vibaya.
Mmoja kanitemea begani. Harufu yake:
samaki wa juzi, na taa ya kale.

Bahari haishi zinge.
Hata siku ya maji mafu, hata pasipo upepo,
mawimbi ya dhoruba iliyokwisha kufa huko Aisilandi
huja chini chini, migongo bila povu,
yakuinue taratibu kama fundi anayekupima suti,
kisha yaugonge mwamba, na mwamba uyarudishe,
nawe uko katikati,
shahidi wa ugomvi usiokuhusu.
Omo inapanda, tezi inazama.
Nyonga zangu zimejifunza kusema ndiyo
kabla kichwa hakijauliza.

Pale rasi ya Hamraness pana ufa.
Upana wa kafi na kiganja, basi.
Rasmie akatikisa kichwa.
Nikahesabu: kubwa moja, la pili, la tatu kubwa zaidi,
kisha kimya, pumzi nne za maji yaliyolala.
Nikahesabu tena.
Tena.
Nikaingia kwenye pumzi ya kwanza.

Giza. Baridi ya ndani ya jiwe.
Kila tone na mwangwi wake.
Kafi likagusa kushoto, likagusa kulia,
nikajiambia usiwaze kugeuka, hapa hapageukiki.
Halafu mwanga, na kijighuba kisicho na njia ya juu,
kokoto za duara, kijito chembamba kikichuruzika ukutani,
na juu ya kokoto, akitafuna mwani,
kondoo.

Kondoo mzima! Sufu yake inaburura chini,
alama ya buluu ya Magnie ingali pajani.
Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.
Magnie alimtafuta Novemba, kwa mbwa na tochi.
Sasa ni Mei.
Nikamwambia, "Ngoja,"
neno la kipuuzi kwa kiumbe kama yule.

Nilipotoka, Rasmie alikuwa akinililia au akinitukana;
kwa mwangwi ule huwezi kujua.

Jioni nikabisha kwa Magnie.
Akavua kofia, akaivaa tena.
"Huyo nimeshamfuta daftarini," akasema. "Bima walilipa."
Kisha, nikiwa nimefika langoni:
"Amenenepa?"

Kondoo hapakiwi kwenye kayaki. Tumewaza kila kitu,
kamba, wavu, mashua ya Rasmie ambayo tumbo lake
halitapita pale hata kwa maombi.
Basi kila baada ya wiki mbili, mwezi ukiwa nusu,
kama bahari haina neno,
naishusha kayaki gatini.
Wazazi wa watoto wa basi huniuliza
nafuata nini huko nje kwa umri wangu.
Nasema, mazoezi ya mgongo.
Sisemi kwamba nyuma ya kiti, kwenye shimo lisiloingia maji,
nimebeba kilo mbili za shayiri
na mkasi wa kukatia sufu,
jambo ambalo mpaka leo
hajalikubali.