Kilo Sabini na Moja

Tulitoka Lleida saa moja asubuhi, Novemba,
ukungu umelala mashambani kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa,
trela nyuma yetu likigonga kila shimo:
tenga, feni, mitungi minne ya gesi
na puto lenyewe, limekunjwa guniani
kama hasira ya watu wastaarabu.

Remei kaupakata mwavuli wake mapajani.
Haniamini nao kule nyuma.
Ananiamini kwa moto tu. Ndiyo maana alinipigia simu
miezi minane baada ya hakimu kugonga muhuri:
"Ferriol, nataka kuruka kutoka kwenye puto.
Marubani wengine siijui mikono yao."

Nikasema ndiyo kabla sijauliza lini.

Les Borges Blanques tukapinda, ushirika wa zeituni,
wavunaji wamepanga foleni na matrekta yao,
vidole vyeusi, mikate iliyosuguliwa nyanya.
Lazima nijue uzito wako, nilikuwa nimemwambia,
na mwavuli, na kofia, na viatu, kila kitu.
Miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kunitajia.
Mizani ya bafuni aliificha,
nikaipata, akaificha tena.
Leo akapanda juu ya bamba la chuma
wanapopimia magunia,
kidevu juu, kama mtu anayeapishwa.
Bi Assumpta akasoma, foleni nzima ikasikia:
"Themanini na mbili!"
"Toa kumi na moja za mwavuli!" Remei akafoka,
na wavunaji wakapiga makofi.

Niliandika daftarini. Mkono ulinitetemeka,
mimi niliyekwisha kuandika namba kubwa kuliko hiyo
mbele ya wakili.

Njiani nikamweleza hesabu.
Ukitoka, puto halijui kwamba ni wewe.
Linajua tu kwamba limepunguziwa mzigo,
litapaa na mimi ndani, juu, juu,
nikishika kamba kama mjinga.
Kwa hiyo kabla hujaondoka
inabidi mimi nianze kushuka.
Nitafungua kileleni kidogo, hewa ivuje,
tushuke pamoja polepole,
kisha ndipo utoke.

Hakujibu mpaka Tàrrega.

Yeye anazijua ndege: ameruka mara mia mbili na sita.
Ndege, alisema, hukupa upepo wa kuegemea.
Puto linakwenda na upepo, basi upepo haupo.
Sekunde za kwanza mikono haikamati kitu,
unaogelea katika kimya.
"Hilo ndilo ninaloliogopa," akasema,
"na hilo ndilo ninalolifuata."

Kituo cha mafuta, nyuma, karibu na mapipa ya taka,
akaketi ukingoni mwa trela, miguu inaning'inia.
Usiruke, nikamwambia.
Ukiruka unalisukuma tenga, nami nabaki nayumba.
Jiachie tu.
Akaruka. Trela likalia.
Tena. Likalia tena.
Dereva wa lori la nguruwe akatoka na kahawa yake,
akauliza kama tunapiga filamu.
Nguruwe nao walichungulia kwenye matundu,
hadhira yetu yote, waungwana kabisa.
Mara ya tisa alishuka kama maji ukingoni mwa sahani.
Trela halikutikisika.

"Hivyo?"
"Hivyo."
Akajipangusa vumbi la magotini.
"Tungejifunza hili mapema, Ferriol,
tungewaokoa mawakili na uchovu mwingi."

Igualada: baridi, upepo wa kesho kilomita nne kwa saa,
vyumba viwili, ukuta mmoja mwembamba.
Nilihesabu mitungi kichwani, nikaihesabu tena.
Upande wa pili akawa anajiachia kutoka kitandani:
puu.
Kimya. Springi. Puu.
Nililala chali, macho dari, nikisikiliza
sakafu ikimpokea kila mara kwa sauti ndogo zaidi,
mpaka springi ikalia mara moja tu,
nikasubiri,
na sikusikia kitu.