Mkalimani Haongezi

Kazi yangu ni kubeba maneno
kutoka kizimbani hadi mezani kwa jaji
bila kuyamwaga, bila kuyatia chumvi.
Niliapa hivyo, hapa Malindi,
mwaka ambao feni hii ilikuwa bado inazunguka.

Leo nimebebeshwa neno moja.
Jefwa, miaka ishirini na minne, wa Langobaya,
ameulizwa mara mbili kama anakana
kumwua Mwaringa Thoya, kaka wa baba yake.
Akasema: Sikuua mtu. Niliua mtsai.

Mtsai. Nikasema, mchawi.
Jaji akaliandika kwa Kiingereza,
na pale karatasini likawa neno jembamba,
lenye kofia ya ncha na ufagio,
la vitabu vya watoto wa Ulaya.
Nilitaka kusema: Mheshimiwa, siye huyo.
Mkalimani haongezi.

Kielelezo cha tatu, panga.
Cha nne, kofia ya marehemu.
Cha tano, barua isiyo na sahihi
iliyosukumwa chini ya mlango wake mwezi mmoja kabla:
Nywele zako zimetosha kuwa nyeupe.

Wakili akasema mteja wake alichokozwa,
mtoto wake alikufa Jumapili.
Daktari akaitwa, akasema malaria, akaketi.
Umemsikia daktari?
Nimemsikia, akasema Jefwa. Mbu namjua.
Ninachouliza ni nani alimtuma kwangu,
na mtaa mzima una watoto.

Hilo nililibeba kwa mikono miwili.
Hata kiongozi wa mashtaka
alishika kalamu asiandike.

Sheria inaijua hasira, akasema jaji,
lakini ile ya papo hapo,
ya chungu kinachofurika jikoni.
Mtoto alizikwa Jumatatu. Panga lilinolewa Alhamisi,
mnoaji ameeleza, alilipwa shilingi thelathini.
Mahakama haikatai kwamba uliamini.
Uliamini, kisha ukapanga foleni.

Ipo na sheria nyingine, kuukuu, ya enzi za mkoloni,
inayomfunga anayejidai mchawi
na inayomfunga anayemwita mwenzake mchawi.
Mwandishi wa barua angefungwa nayo
kama barua ingekuwa na mkono.

Benchi la nyuma ameketi mtu mwenye simu mbili.
Viatu vyake havijakanyaga tope la Langobaya
ila siku ya kupima.
Ekari sita. Vigingi vilichomekwa
matanga hayajaondolewa.
Hakuna aliyemwita shahidi.
Hakuna aliyemuuliza kitu, kwa lugha yoyote,
basi sina cha kutafsiri.

Miaka ishirini na mitano.
Nikamwambia Jefwa kwa lugha ya mama yake,
ambayo ni ya mama yangu pia,
na haina namna ya kulainisha hesabu.
Akanigeukia mimi, si jaji:
Na wewe, huamini?

Halikuingia kwenye kumbukumbu.
Sikulitafsiri.
Sikulijibu.

Saa kumi nikapita dukani kwa Swafiya, nyuma ya soko,
nikanunua piko, pakiti mbili.
Mama amefika juzi kutoka Kakoneni
na mfuko mmoja wa nguo.
Anasema ni kwa wiki moja tu,
anasema kule kuna joto,
kama kwamba Malindi kuna barafu.
Sikumuuliza kama naye ameletewa barua.
Hajui kusoma. Angesomewa na nani?

Nimemketisha uani, taulo mabegani.
Mvi zinaanzia juu ya masikio
kama unga aliosahau kujipangusa.
Napaka polepole, kwa mswaki wa zamani,
mimi niliyeapa kutoongeza.
Anacheka: nitakuwa kigoli,
kesho utapokea mahari yangu.
Kisha anainamisha shingo.
Usisahau kisogoni, ananiambia.
Kisogoni ndiko wanakotazama.