Glasi Yenye Shingo Ndefu

Julai ya Mbeya haina utani.
Baridi inashuka kutoka Loleza
kama mwenye nyumba aliyechoka kuahidiwa kodi,
nasi tumevaa viatu vya wazi
kwa sababu Atuganile alitutumia amri tangu asubuhi:
"Leo marufuku sweta. Leo ni mapozi."

Baa ya kwanza iko Forest, ghorofa ya nne.
Lifti imekufa, lakini mapazia ni ya mahameri,
na kila meza ina jiko la mkaa
lililovishwa shaba lisijijue kuwa ni jiko.
Menyu imejaa majina yanayotaka kupendwa:
Ukungu wa Rungwe. Shemeji wa Tukuyu. Usiku Usiniulize.
Bupe anasoma bei kwa sauti ya tangazo la msiba,
halafu anaagiza mbili.

Subilaga anaikodolea macho kokteli ya parachichi.
"Kwetu Kiwira haya yanaanguka usiku
tunawatupia nguruwe.
Hapa limefunguliwa mwavuli!"
Tunacheka mpaka meza ya mawakala wa forodha
inageuka kututazama.

Nacheka na mimi.
Zamani ndiye niliyecheka kuliko wote,
niliyejua kila kaunta kuanzia Soweto hadi Uyole
na kila mlinzi aliyenibeba kunipakia kwenye bajaji.
Tangu Pasaka sijaonja.
Sijamwambia mtu.
Ni kama jino lililong'olewa:
ulimi hauishi kurudi kupapasa pengo.

Nikasema naenda kuagiza mwenyewe.
Kijana wa kaunta, kifuani ameandikwa Gwamaka,
alikuwa anamenya ganda la limau
taratibu, kama fundi cherehani anayefuata chaki.
Nikainama, nikampa nusu ya sentensi.
Hakudai nusu ya pili.
Akachukua glasi ileile yenye shingo ndefu,
tangawizi, asali, maji ya karakara,
barafu moja ya mraba isiyo na ufa,
akakitikisa chombo kwa mbwembwe zote
kana kwamba ndani mna moto,
akachomeka jani la mnanaa.
"Inaitwaje?"
"Haimo kwenye menyu, dada.
Ipe jina njiani."

Ya pili ilikuwa Sokomatola, juu ya duka la matairi.
Taa nyekundu, harufu ya mpira na mdalasini,
mpiga saksafoni amevaa glovu zilizokatwa vidole.
Nikawahi kuinuka. Nikatoa nusu ya sentensi.

Ya tatu, Mwanjelwa,
viti virefu mno kwa miguu yetu, vioo hadi darini,
mhudumu mgeni na sinia lake,
na sauti ya mnadishaji wa ng'ombe:
"Hii isiyo na kilevi ni ya nani?"

Vioo vyote vikanitazama kwa uso wangu mwenyewe.

Nikanyoosha mkono.
Bupe akaendelea kutafuna karanga.
Subilaga akaisogeza glasi karibu yangu,
akafuta tone lililomwagika mezani.
"Tunajua tangu Mei," akasema.
"Ulianza kukumbuka siku zetu za kuzaliwa."
"Na ukanirudishia elfu arobaini," akaongeza Bupe,
"ambayo mimi mwenyewe nilishaizika."

Sikulia. Pilipili ya tangawizi, labda.
Atuganile akanywa kidogo kutoka kwangu,
akakunja uso: "Tamu. Lakini elfu kumi na mbili
kwa chai ya mafua? Huyu anatuibia."

Saa saba usiku tulisimama barabara kuu
tukisubiri bajaji, meno yakigongana.
Malori ya Tunduma yalipita, moja, moja,
yakitupulizia joto la injini na vumbi.
Ndipo Atuganile, mtunga sheria,
akafungua mkoba wake wa dhahabu
akatoa sweta.
Moja. Ya kijani, ya shule, kiwiko kimetoboka.

Tuliigombania mpaka Bupe akapoteza kiatu.