Kwa Minde

Ukuta ni wangu. Nilitaka waandike
TUNASAGA, TUNAKOBOA, KARIBU,
kwa rangi nyekundu isomeke toka kituoni.
Aikande akaja na vijana wanne, ngazi ya kuazima
na makopo ya rangi yaliyobaki kanisani.
Tupe upande wa barabara, Mzee Ndemasi,
jina lako tutaliweka chini, bure.

Bure ndiyo iliyoniponza.

Siku ya kwanza niliona kwato.
Ya pili, mgongo: rangi ya kahawa iliyokaangwa ikapitiliza.
Mbona si simba? niliuliza.
Simba anauza. Simba yupo hata kwenye mfuko wa saruji.
Aikande akatoa brashi mdomoni:
"Simba ana wasemaji."

Wateja wakaja na debe zao, wakabishana.
Mbuzi. Ndama. Mbwa mwenye pembe, alisema fundi baiskeli,
na Pasua nzima ikacheka kuishinda mashine.
Mimi niliyezaliwa Kibosho, chini ya msitu ule ule,
nilitikisa kichwa kama mgeni.

Mama Ndekira, mpika mbege, akatua ulezi wake,
akasogea, akagusa lile shungi jekundu kati ya pembe.
"Minde."
Kisha, kwa sauti ya kuungama:
"Baba alikuwa akitega. Waya wa breki ya baiskeli.
Tulikula wangapi, sijui. Nyama yake tamu.
Macho mmeyapata.
Ndivyo alivyotutazama asubuhi, kabla hajamaliziwa."
Fundi akainamia spoku zake.
Mama akalipa pesa ya kusaga, akaondoka bila unga.
Kesho yake nilimpelekea.

Sasa ni mwaka.
Wa bodaboda husema, nakushusha kwa Minde.
Kadi za harusi zinaandika: ukifika kwa Minde, kata kushoto.
Jina langu lipo chini kweli, dogo, magunia hulifunika.
Biashara haijawahi kuchangamka hivi, nami nalala vibaya,
maana nimejua mitaa inayoitwa kwa miti iliyokwisha kuwa mbao,
na kijito chenye jina la ndege asiyeshuka tena kunywa.
Namwogopa mtoto atakayeuliza minde ni nini,
ajibiwe:
mashine, ile ya kona.

Tena vumbi la unga halina adabu.
Ikifika jioni amekwisha kuwa mweupe,
kwato zimezama, pua haipo,
shungi limezeeka kwa siku moja.

Basi alfajiri, kabla sijawasha mota,
wakati mlima bado haujajifunika,
nachukua kitambaa na maji ya ndoo.
Naanza na macho.
Huko juu, kama bado yuko,
ndiyo saa anayorudi kulala.