Mshono wa Gari la Barafuni

Gereji ya Ilmo iko nyuma ya stoo ya kuni,
mjini Kemi, ambako Januari jua huja kama mgeni mwenye haraka:
halivui koti, halikai, linaaga.
Kila Alhamisi tunakutana watano, hakuna anayelipwa.
Oskari ni daktari wa meno. Pirkko anaendesha basi la shule.
Mimi napanga vitabu maktaba.
Ni Sirkka tu aliyewahi kula jasho la moto huu,
miaka thelathini na moja ndani ya matumbo ya meli.

Nimeleta gari la barafuni la mama:
kiti cha mbao juu ya nyayo mbili ndefu za chuma,
unasimama nyuma, unasukuma kwa mguu mmoja,
unateleza hadi dukani.
Wayo wa kushoto umekatika.
Mama ana miaka themanini na miwili
na hataki kusikia habari ya jipya.

Sijavua hata glavu, ushauri umeanza.

"Punguza ampea," asema Oskari, "chuma chembamba hicho,
utakitoboa kama jino bovu."
"Ongeza," asema Ilmo, "baridi hii inakula moto."
Pirkko: "Usitazame mwanga, tazama dimbwi.
Mwanga ni kelele. Dimbwi ndilo lenye habari."
Kisha Ilmo tena: elektrodi zimekunywa unyevu,
yeye huzioka kwenye oveni ya jikoni mkewe akitoka.
Siku moja alizisahau chini ya mikate ya iliki.
Mikate ilitoka vizuri.
Mshono pia.

Nikashusha barakoa. Giza.
Halafu nyota moja, yenye hasira.
Elektrodi ikanata. Nikaing'oa, ikanata.
Watu wazima wanne wakaangalia dari kwa adabu.
Sauti inatakiwa iwe ya mafuta kikaangoni;
yangu ilikuwa ya mtu akikohoa ndani ya ndoo.
Nikagonga gamba: chini yake vitundu, vitundu,
kama jibini.

Nikakimbilia grainda, niisawazishe aibu ile ing'ae.
Sirkka akaweka kiganja juu ya swichi.
"Hapo utaficha. Hutaponya."
Akachukua nyundo, akapiga mara moja,
na kipande kikaanguka sakafuni kwa mlio wa sarafu.
"Afadhali hapa," akasema,
"kuliko mteremkoni, mama yako akiwa juu yake."

Mficha uchi hazai. Nikakaa juu ya ndoo, nikaulizwa.
"Ulisafisha?"
"Nilisafisha juu juu."
"Nimeuliza kama ulisafisha."
Chini ya rangi nyekundu kulikuwa na zinki.
Ule moshi mweupe niliodhani ni sehemu ya sherehe
ungenipa homa ya usiku kucha.
"Na usiniambie habari za maziwa," Sirkka akasema,
"maziwa ni ya kahawa. Fungua mlango."
Baridi ikaingia, nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri,
ikasimama katikati yetu kama mwanachama wa sita.

Nikasugua saa nzima. Burashi ya waya, msasa,
mpaka chuma kikawa na uso wa kijiko kipya;
hata pale klampu inapouma, nikasugua.
Doa moja huku, doa moja kule,
kama fundi cherehani anayebana kwa pini kabla ya kushona.
Kisha kidogo, nikaacha kipoe. Kidogo tena.
Chuma kikiharakishwa hujikunja, kwa kisirani.

"Kiwavi mlevi," Pirkko akautaja mshono wangu.
Sirkka akapiga mara tatu.
Akapiga ya nne, nadhani kwa ajili yake mwenyewe.
Akarudisha nyundo msumarini, akaenda kuvaa kofia.

Jumamosi mama alivua glavu,
akaupapasa mshono kwa kidole gumba.
"Nani kashona hapa?"
"Mimi."
"Inaonekana."

Akasimama juu ya nyayo, akasukuma, hakuaga.
Thelujini ilibaki mistari miwili,
wa kushoto ukiyumba kidogo,
yote miwili ikakata kona pamoja.