Mkalimani Hana "Mimi"

Kazi yangu Makadara ni kuazimisha mdomo.
Shahidi akisema kwa Kikamba, nami kwa Kiswahili,
na akisema aliona, siruhusiwi kusema "anadai aliona."
Nasema: niliona.
Miaka kumi na saba nimeona visu nisivyovigusa,
nimeuza mashamba ya marehemu,
nimekana watoto mbele ya mama zao,
kisha saa saba nikaenda kula chapati.

Leo ni Muasya, msimamizi wa jengo huko Umoja.
Biblia yetu ina mgongo wa selotepu,
kurasa za Mwanzo zilichomoka zamani,
kwa hiyo watu huapia kitabu kinachoanza na Kutoka.
Aliishika kama anayepima uzito wa nyama.
Nikatamka, akafuatisha.

Sheria, ukiisoma polepole, haina ugomvi na kila uongo.
Hilo lilinishangaza nilipokuwa mgeni.
Muasya alisema ana miaka hamsini. Ana hamsini na saba.
Sheria ikapiga miayo.
Alisema alikuja kwa miguu, nami nilimwona Jogoo Road
akishuka kwenye boda, akibishania shilingi ishirini.
Sheria ikatazama dirishani.
Inachambua mchele, hiyo, inatafuta jiwe la kuvunja jino:
neno ambalo msemaji anajua si kweli,
na ambalo kesi imelikalia.
Aliyesahau, aliyechanganya Jumanne na Jumatano, huyo anarudi kwake.
Lakini anayejua, hata akiapa kwa Kurani ya kitambaa cha kijani,
hata akithibitisha tu bila kitabu,
hata hakimu asipomwamini hata chembe,
neno likishatoka limeshatoka.
Miaka saba.

"Ulimtambuaje mshtakiwa?"
Jabuya, umri wake kumi na tisa, alikuwa akihesabu vifungo vya shati.
Vilikuwa vinne. Alivihesabu tena.
Muasya akasema, Kikamba safi cha Mwala, hakikukwama popote.
Nami nikafungua mdomo:
"Taa ya ngazi ilikuwa inawaka. Niliona uso wake.
Alikuwa na mtungi wa gesi begani."

Jengo hilo ndipo ninapolala. Ghorofa ya pili.
Usiku ule tokeni ziliisha kabla ya taarifa ya habari,
nikashuka nikipapasa ukuta
hadi nikamkuta Muasya huyu huyu, amekalia ndoo.
"Mama Ndinda, vumilia hadi kesho,
mwenye nyumba hapokei simu."
Nilimjua kwa kikohozi.

Nilipaswa kusema asubuhi kwamba namjua.
Nina deni la kodi ya miezi miwili
na daftari analiandika yeye.

Basi nani ameapa uongo?
Kiapo changu ni kutafsiri sawasawa, na nimetafsiri sawasawa,
kwa hiyo nilikuwa mkweli kabisa
niliposema taa iliwaka.
Jaribu kulala na sentensi hiyo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Labda kwingine.
Hapa hutajwa, huahirishwa, hupewa tarehe ya Septemba.
Na kumtia mtu hatiani kwa kiapo cha uongo
ushahidi wa mtu mmoja peke yake hautoshi.
Mimi ni mmoja.
Giza lilikuwepo, lakini giza haliitwi kizimbani.

Hakimu bado anaandika kwa mkono.
Taa, aliandika. Ya ngazi. Ilikuwa.
Kalamu ikasimama, kwa sababu mtu alikuwa amesema kitu,
sauti kavu, ya mwanamke,
isiyokuwa na mtu wa kuitangulia.

Akainua macho.
"Mkalimani, shahidi anasema nini?"

Hajasema kitu, Mheshimiwa.
Ni mimi.